Beseni la Vidudu

"Mimi, Mize, nichafue kijito? Kila Ijumaa nayasugua kwa sabuni mawe ya pale tunapoteka maji, halafu jirani yangu unaniumbua mbele ya wanafunzi!"

Mwalimu Saumu alijuta, maana kukosana na Bi Mize ni kukosana na mtaa mzima. Akamwonyesha mabeseni ya wanafunzi. La maji yaliyotekwa kabla kijito hakijafika kwenye mawe hayo lilijaa vidudu vikipiga mbizi. La maji yaliyotekwa baada ya mawe halikuwa na hata kimoja.

"Vidudu hivi huishi kwenye maji safi tu, dada. Sabuni inaviua."

Bi Mize alichuchumaa, akavitazama.

"Yaani miaka yote najiona msafi, kumbe muuaji! Virudisheni taratibu, wanangu, kisha nyote kwangu, wali umeiva. Na wewe mwalimu, usijifanye umeshiba."