Zamu ya Mke wa Fundi

Ndege za Urusi zilianza kugombaniwa dunia nzima baada ya viwanda vyake kuweka sharti moja: kila ndege inaporuka, ndani awemo mtu wa nyumbani kwa fundi aliyeikagua. Abiria wakatulia. Nyumbani kwa Makoye, fundi wa ndege hizo pale Mwanza, hakuna aliyetulia.

Asubuhi hiyo mkewe, Nyamizi, alikuta chai imeshachemka na mihogo iko mezani.

"Leo umepika wewe, Baba Kabula?"

"Kwani vibaya?"

Tangu waoane, Makoye hakuwahi hata kuwasha jiko. Nyamizi akamkazia macho.

"Injini ina nini?"

"Kuna kamlio. Nimekatafuta, sikukaona. Vipimo vyote viko sawa, nikaipitisha."

"Ungepiga simu ukaikataa, je?"

"Wangemwita fundi mwingine, apande mke wake."

Nyamizi alimaliza chai yake. Kisha akavua hereni zake za dhahabu na kuziweka mezani, kando ya simu ya mumewe.

"Kabula akiamka, mpe. Ameshakua."

Akatoka kwenda uwanjani. Makoye alizichukua hereni. Simu hakuigusa.