Ruta ya Mama Caleb Yahama Nchi

"Mama, usiguse kitu. Hata mlango usiufunge kwa nguvu."

Delphin, kijana fundi wa mtaa, alikuwa amechuchumaa mbele ya meza ya sebuleni, kompyuta juu ya magoti. Mstari wa kijani wa programu mpya ulikuwa unatambaa kwenye kioo kama mtu aliyetumwa asikotaka. Umeme ungekatika kabla mstari haujafika mwisho, ruta, ile mashine ya Wi-Fi, ingekufa palepale, na Mama Caleb angebaki na sahani yenye masikio mawili.

"Isikufe," alisema Mama Caleb. "Caleb aliituma toka Kampala ili nimuone uso. Ikikufa, na weye hautatoka humu."

Alikuwa mama mwenye sauti kubwa, maarufu mtaa mzima wa Shari, mjini Bunia, kwa kujua habari za watu kabla ya wenyewe. Lakini siku hizi sauti hiyo ilikuwa haitumiki, na kila mtu alijua sababu: ukuta. Tangu ile ruta iwashwe, ukuta wake wa nje ulikuwa umeota watu wa Wi-Fi ya bure. Baudouin aliegesha pikipiki yake pale kwenye kona, abiria wasubiri. Bernadette alihamishia hapo beseni lake la mikate, akawa anauza huku anamuongelesha dada yake wa Butembo. Wanafunzi walijaa juu ya mfereji. Kila mmoja macho kwenye simu, mgongo kwenye matofali ya mwenyewe, na mwenyewe yuko ndani na televisheni yake.

"Nimechoka kuwaona pale inje," alikuwa amemwambia Delphin asubuhi. "Kufika magaribi, sitaki hata mutu mumoja kwa ule ukuta."

Delphin alipendekeza kuweka neno la siri. Mama Caleb alicheka kwa pua.

"Neno la siri, Bunia hii? Bernadette ataliuza pamoja na mikate."

Basi ikabaki njia moja, na Delphin alimweleza polepole. Hizi mashine hutengenezwa kwa sheria ya nchi fulani. Hii ilikuja na programu ya nchi ya mashamba mapana, nyumba na nyumba zikiwa mbali, ndiyo maana Wi-Fi yake inapiga kelele mpaka barabarani. Kuna nchi nyingine ambako watu wanaishi ghorofani, kitanda cha huyu ukutani kwa yule. Kule mashine inalazimishwa iseme kwa sauti ya chini. Akiiwekea programu ya kule, haitavuka mlango.

"Na humu ndani?"

"Humu itajaa mpaka chini ya viti."

"Basi ihame inchi. Ihame leo."

Kosa lilikuwa kuyasema hayo dirisha likiwa wazi. Bernadette alidaka nusu ya maneno, na nusu ilimtosha sana. Alimwambia Baudouin kwamba Mama Caleb anahama nchi leo. Kwenye mji ambako watu wana amani lakini wanalala na viatu karibu, habari kama hiyo haisubiri ushahidi. Baudouin alikimbia kujaza tangi. Jirani wa pili alikuwa ameshakunja godoro.

"Mama Caleb," Bernadette aliita toka dirishani. Hakuingia. Tangu ile miaka ya kukimbia vita, watu wa mtaa walizoea kuanza salamu na kuzimaliza nje. "Kama kuko kitu umesikia, tuambie na siye. Tuko na watoto."

"Ruta njo inahama. Si miye."

"Sasa ruta inakimbia nini?"

"Inakukimbia weye."

Nje walicheka cheko la watu walioponea chupuchupu, na godoro likakunjuliwa. Delphin peke yake hakucheka. Yeye alikuwa na kidonda chake. Kila jioni, watu wakiwa kwenye ukuta wa mbele, yeye alizunguka akasimama nyuma ya choo cha Mama Caleb, pale Wi-Fi ilipokuwa tamu kuliko kote, akaonana na mchumba wake Chancelle aliye kwa wazazi wake, kijijini Gety. Hata hii programu mpya aliishusha akiwa amesimama palepale. Kila mstari wa kijani uliposogea, ulikuwa unamla yeye. Alitamani kusema mashine imekataa. Lakini Mama Caleb alikuwa amemsimamia kichwani kama ndugu wa mgonjwa.

Harufu ya maharage na samaki wa ziwani Tchomia ilikuja toka jikoni, kwenye ile sufuria inayotoka siku za matanga tu. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kuzunguka sebule yote.

"Muko na sala leo, Mama?"

"Sala gani? Angalia mustari yako."

Mstari ulifika. Ruta ikazima taa zote. Kisha taa zikarudi moja moja.

Nje, "Allô?" ya kwanza ilisikika. Halafu ya pili. Bernadette alikatikiwa na dada yake katikati ya habari ya ndoa ya watu, akainua simu juu ya kichwa. Baudouin alipanda juu ya kiti cha pikipiki, mkono hewani. Delphin alikunja waya zake haraka, akitafuta pa kupita bila kukutana na macho ya mtu.

Mama Caleb alichungulia dirishani. Akafunga kitenge vizuri, akaenda mlangoni, akausukuma wote mpaka ukagonga ukuta.

"Iko humu ndani," aliwaambia. "Viti viko, chakula iko. Bernadette, ingia na beseni yako."

Kisha akamshika Delphin shati kwa nyuma.

"Na weye, kaa. Chancelle amechoka kuona choo yangu nyuma ya kichwa yako."