Tope la Buti za Dereva

Nyundo ilitua kwenye goti la dereva, na ukelele wake ukafika hadi ndani ya maabara. Mjane hakuinua kichwa. Aliendelea kumimina maji juu ya chekeche, akiosha tope lililokwanguliwa kwenye buti za mtu huyo.

"Fanya haraka, shemeji," alisema mdogo wa marehemu, amesimama mlangoni, shati limelowa damu isiyo yake. "Watu huko nje hawashikiki."

Marehemu, mwenye machimbo, alikutwa chini kabisa ya shimo, kichwa kimepondwa kwa jiwe. Huko chini tu ndiko kuliko na tabaka jeusi, sakafu ya bahari iliyokauka zamani za kale, imejaa visukuku vya viumbe wadogo kama punje za mchanga. Mjane ndiye mtaalamu wa visukuku hivyo. Alikwishawaambia kwamba yeye hajashuka shimoni tangu mvua zianze, lakini wakimletea tope la buti atamjua aliyeshuka.

Maji yakaisha. Kilichobaki kwenye chekeche akakiweka chini ya hadubini, akatazama kwa muda mrefu.

Dereva aliburutwa hadi kizingitini, meno yamebaki ya kuhesabika.

"Mama, waambie. Si mimi niliyekukimbiza hospitali mumeo alipokuvunja mkono?"

Shemeji mtu akamshindilia teke la mbavu. "Maiti hasingiziwi." Kisha akainamia hadubini, jicho moja kalifumba. "Naona vidude viwili vitatu, vya buluu."

"Hakuna vingine?"

"Hakuna."

"Basi ndivyo hivyo," alisema mjane. "Ni vya tabaka jeusi."

Watu hawakungoja la pili. Dereva aliita mama, akaita tena, kisha yakasikika mawe peke yake. Mjane alilia kwa uchungu wa kweli, maana alimpenda kijana yule.

Kulipotulia alifunga mlango. Aliosha chekeche, akalichovya kwenye rangi ya buluu kama afanyavyo kila amalizapo kazi, ili kisukuku kilichonasa humo kigeuke buluu, kisije kikadhaniwa kimetoka kwenye tope litakalofuata. Halafu akavuta buti zake kutoka chini ya meza, akaanza kuzikwangua tope jeusi.