Shingo Isiyoinama

King'ora kilipolia, uwanja mzima uliinamisha vichwa kumkumbuka rais aliyepigwa risasi na kuuawa uwanjani hapo hapo. Ni aliyekuwa mlinzi wake tu aliyebaki wima kama mlingoti, macho kodo kwenye madirisha ya jengo la mbele.

"Mzee, inama basi," ofisa wa itifaki alimnong'oneza kwa hasira. "Unatutia aibu!"

"Hata siku ile tuliambiwa tuiname, tuombe dua," mlinzi alijibu bila kupepesa. "Nikainama."

Mjane wa rais akamgusa ofisa mkono.

"Mwache. Tukiinama sote, nani atatazama?"

Ghorofa ya tatu ya jengo lile, pazia lilitikisika.

Mlinzi hakungoja kujua kama ni upepo. Alipiga hatua moja, akasimama mbele ya mjane, akatanua kifua.