Tumbo la Noeli Kwenye Televisheni

"Mtazameni vizuri huyu," Noeli alisema kutoka kitandani, akimnyooshea Marko kidole. "Leo televisheni itamtaja."

Marko alisimama ukutani, kofia mkononi, akiukodolea macho mpira mweusi mrefu ambao Daktari Frida alikuwa akiuandaa. Nchani mwake kulikuwa na taa, na kamera ndogo kama punje ya mtama. Ilikuwa miaka ile watu binafsi walipoanza kuruhusiwa kufungua hospitali, na sifa za mashine hii ya Dodoma mjini zilikuwa zimefika hadi kijijini kwao, Mlali: inaingia tumboni, inaonyesha kila kitu kwa rangi.

Noeli na Marko walikuwa ndugu wa tumbo moja, lakini tangu baba yao afariki hawakupikika chungu kimoja. Noeli, mkubwa, mfanyabiashara wa alizeti, alilitaka shamba lote. Marko, aliyebaki kulilima na kuchunga ng'ombe wa ukoo, alikataa kutoka. Kisha tumbo la Noeli likaanza kumkata. Akasimama kanisani, mbele ya waumini wote, akatangaza kuwa maziwa anayopelekewa na mdogo wake yana sumu.

Shangazi yao, Generosa, ndiye aliyekata shauri.

"Mashine ikiona sumu, Marko utahama, wewe na mkeo na watoto. Isipoona, Noeli utamwomba mwenzio radhi, na shamba utamwachia."

Daktari alimpulizia Noeli dawa ya ganzi kooni, akamng'atisha kipande cha plastiki, akaupitisha mpira. Noeli alifurukuta, machozi yakamtoka. Hata hivyo hakumwondolea mdogo wake macho.

Kwenye kioo cha televisheni likatokea handaki jekundu, linang'aa, linajifumba na kujifumbua.

"Daktari, hiyo mashine inaona yote?" Marko aliuliza. "Hata kitu kidogo?"

"Hata mkwaruzo wa ukucha."

"Mbona unatoka jasho?" Shangazi alimkazia macho. "Kama una la kusema, sema sasa."

"Sina, Shangazi."

Daktari Frida aliugeuza mpira huku na huko, taratibu, akichungulia kila kona.

"Tumbo safi," alisema. "Sumu ya kumuumiza hivi ingeacha michubuko. Hapa hakuna."

"Hakuna hata alama?" Marko alisogea karibu na kioo.

"Hata moja."

Akausukuma mpira mbele, tumbo linapoishia na utumbo kuanza. Kitu cheupe, kirefu kama penseli, kikajinyonganyonga mbele ya taa. Shangazi akapiga ukelele.

"Nyoka! Amemtupia nyoka!"

"Ni mnyoo, mama," daktari alisema, akizuia kicheko. "Na hayuko peke yake. Hawa ndio wanaomkata. Nitampa vidonge, atapona kabisa."

Tajiri wa alizeti, minyoo kama mtoto anayekula udongo! Mtu yeyote angecheka. Marko hakucheka.

Nje barazani Noeli aliomba radhi kwa meno yaliyobanana.

"Nimekusingizia. Shamba chukua. Ila usidhani nitakupenda."

"Sijakuomba unipende, kaka."

Shangazi Generosa alimkumbatia Marko huku akilia. "Nisamehe, mwanangu. Nilikuwa karibu kuwatoa watoto wako nje kwa ajili ya minyoo. Mungu humtetea mnyonge."

Marko aliipapasa mikono ya shangazi yake mpaka ikamwachia. Akawaacha wakingoja vidonge, akavuka barabara, akaingia sokoni, akanyoosha hadi kwenye kibanda cha Zaidi, muuza mitishamba, na kumkaba kola.

"Uliniapia kuwa dawa yako ni sumu," alimnong'oneza. "Tangu mavuno namtilia kwenye maziwa, na leo nimeliona tumbo lake kwa macho yangu. Safi!"