Mume wa Kupachikwa

Msusi alimwonyesha Mashavu kasha la kanda ya muziki lenye picha ya bendi, asijue kwamba anamsuka mke wa mwimbaji mwenyewe.

"Tazama, shoga. Wenzake wote wametoa macho, Mbaruku peke yake kafumba. Ndiyo ishara. Alikufa zamani, huyu anayeimba sasa wamempachika."

Nyumbani Mashavu alimkuta Mbaruku jikoni, akikuna nazi.

"Wanasema ulikufa, mume wangu. Eti wewe ni wa kupachikwa."

"Nawe wasemaje?"

Mashavu alimtazama. Mbaruku wa ujanani alijulikana kumbi zote, nyumbani akaonekana kwa nadra kama mwezi mwandamo. Huyu alikuwa na chembe za nazi mpaka kwenye nyusi.

"Yule Mungu amrehemu," alisema, akimpangusa. "Wewe baki."

Mbaruku akacheka, akaendelea kukuna, huku akiimba polepole wimbo ambao Mashavu hakuwahi kuusikia.