Mlio wa Wavu

Kila mwanamke aliyewekewa wavu tumboni kwa upasuaji wa tundu dogo, ili kizazi kisishuke tena, anaujua mlio wake. Wavu hulia ukiinua kitu kizito, na kwa sheria aliye karibu sharti akupokee mzigo. Wangu hulia hata kwa ndoo ya maji, kwa hiyo miaka yote mama alipokuwa akiugua, wengine ndio waliomnyanyua.

Leo tulimwosha. Bi Somoe, mwosha maiti, alinizuia.

"Tuachie sisi, mwanangu. Wavu utalia."

"Acha ulie, Bi Somoe. Ni mama yangu."

Nikampitishia mikono mgongoni, nikamwinua. Wote wakasubiri mlio.

Wavu haukulia. Mama alikuwa amekwisha kwa ugonjwa, mwepesi kuliko ndoo, nami ndio kwanza najua.